Sekunde Kumi na Moja za Mgongo wa Leonard

Takoma Park, Maryland
14 Januari 2024

Mdogo wangu Benadetha, mwenye cherehani na ulimi usiohitaji kunolewa,

Sisi huku tunaendelea, ukiacha goti langu la kushoto ambalo limejitangazia uhuru. Awino bado anauguza wazee wa watu kule Landover, na akirudi nyumbani ananitazama kama mgonjwa wa ziada. Anna ametimiza miaka kumi na sita. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na tunaelewana kama majirani wawili wenye ukuta katikati. Aliponikuta na kalamu akasema, “Daddy, just text her.” Nikamweleza kwamba kundi letu la familia kwenye simu lina Mama mdogo Genoveva ndani yake, na kwamba neno likiingia humo huwa limeshamfikia Leonard kabla ugali haujaiva. Akauliza Leonard ni nani. Nikamtuma akanichemshie chai.

Mama macho yanaendeleaje? Na yule fundi wa injini za boti, Ezekiel, bado anapita dukani kwako kwa bahati mbaya kila siku saa kumi?

Sasa nifike kwenye jambo, ingawa kalamu inataka kuzunguka. Kazi yangu unaijua. Siku nne kwa wiki naegesha magari ya wageni wa hoteli moja Alexandria. Siku mbili napanda ngazi za studio ndogo iliyo juu ya duka la mazulia, natia sauti ya Kifaransa kwenye filamu za Kiingereza, ili watu wa Bujumbura na Kinshasa na Abidjan wazielewe. Kifaransa kile tulichookota Bujumbura wakati baba yuko bandarini ndicho kilichonifikisha hapo. Usinifikirie msanii mkubwa. Kwa miaka kumi na tano nimekuwa polisi wa tatu, padri asiye na jina, na mara moja mbwa, mwenye sauti ya mbwa alipougua. Nimekufa kwa Kifaransa mara sitini na moja. Awino ndiye anayehesabu.

Mwezi huu, kwa mara ya kwanza tangu niingie nchi hii, nimepewa sauti ya mtu mkuu. Ni tamthiliya ya vipindi nane. Daktari Mwafrika aliyefiwa na mke anahamia mji mdogo wa Marekani, na watu wa mji wanamzoea polepole. Irene, mama wa Lubumbashi anayetuongoza studio, alinipa maneno yangu akasema, “Papa Method, leo Mungu amekukumbuka.” Halafu akawasha picha.

Daktari mwenyewe ni Leonard.

Ndiyo, Leonard wako. Amenenepa shingo na meno ni mapya. Mkataba nilikuwa nimeshautia sahihi kabla sijaona uso. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujaliona kwenye dishi. Nicheke au nilie, niandikie.

Kaka yako,
Method


Kigoma
9 Machi 2024

Kaka Method, shikamoo.

Barua yako imefika imechakaa kuliko aliyeiandika. Mama hajambo. Jicho la kulia linaona, la kushoto anasema limestaafu. Migebuka imekuwa adimu mwezi huu, lakini Ezekiel aliniletea miwili, akakaa hadi ikaliwa, akakaa hadi vyombo vikaoshwa. Nikajua hakuja kwa ajili ya samaki. Ameniomba nimwoe, au yeye anioe, alikuwa anatetemeka sikuelewa vizuri. Nimemkubalia.

Hapo ndipo kuna mfupa, na sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na aibu. Mwaka jana Oktoba nilikwenda mahakamani kuomba talaka kwa Leonard. Nilingoja miaka ishirini na mmoja, nikaona sasa hata mtakatifu angekunja mkeka. Wakamwandikia huko Marekani. Wakili wake akajibu kwamba Leonard hana mke Tanzania, ni mgane, mkewe alifariki 2003, na cheti hiki hapa. Karani akavaa miwani, akasoma, akanitazama, akasoma tena.

“Mama, hapa umekufa kwa malaria.”

“Nimepona,” nikamwambia.

Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. Akasema, “Mama, mimi nakuona. Lakini marehemu hawezi kuomba talaka, na karatasi ina muhuri. Kaniletee mtu anayejua jinsi ilivyotengenezwa.”

Basi ndivyo nilivyo, kaka. Siwezi kuachwa na sikuachwa. Siwezi kuolewa kwa sababu nina mume, na mume hana mimi kwa sababu nimekufa. Mama mdogo Genoveva anatangaza sokoni Mwanga kwamba namfukuzia mpwa wake kwa sababu amekuwa nyota, na kwamba Benadetha aliyeolewa naye alikuwa mwingine, maskini, alishakufa. Unajua alivyo. Kuolewa na baba mdogo hakukumfanya wa kwetu, damu yake iko kwa Leonard. Na mtaa ule ule uliocheza harusi yetu sasa unakuna kichwa. Runinga ina nguvu.

Unajua pia Leonard alivyosema gazetini? Kwamba siku ya majaribio alimkumbuka mkewe aliyezikwa Afrika, machozi yakaja yenyewe, wakampa kazi pale pale. Genoveva aliisoma hiyo kwa sauti kwenye kundi, dakika nne nzima. Ananililia, kaka. Ananililia mbele ya kamera.

Umeniuliza ucheke au ulie. Sitaki lolote kati ya hayo. Mdomo wa Leonard sasa uko mkononi mwako. Nataka mdomo ule useme kwamba niko hai. Kwa jina langu, na kwa Kifaransa, maana Genoveva aliuza dagaa Bujumbura miaka ishirini na Kifaransa anakijua kuliko sala zake. Kipindi kitaonekana hapa, na upande wao wote wanakingoja kama mwezi wa Idi.

Na nijibu hili pia. Mwaka ule 2003 ulikuwa ukilala kwake, sivyo? Hukuwahi kunieleza maisha yalikuwaje pale.

Mdogo wako aliye hai,
Benadetha


Takoma Park
20 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Hongera kwa Ezekiel! Mwambie kutetemeka ni dalili njema, mimi nilipomposa Awino niliangusha trei ya chai juu ya mjomba wake. Barua hii nampa Ghati, muuguzi mwenzake Awino, anakuja likizo na amekubali kukufikishia mwenyewe. Hapa miti imechanua na watalii wamefurika. Nimeegesha magari mpaka naota ninaegesha, na juzi nilimpa mzee mmoja funguo za gari la mwenzake. Alishukuru, akaondoka nalo. Lilikuwa zuri zaidi.

Habari ya cheti imeniuma, Benadetha. Imeniuma sana.

Lakini hilo uliloomba haliwezekani, na nitakueleza kwa nini ili usinione mwoga bure. Kazi yetu inatawaliwa na midomo. Maneno yanapita chini ya picha kama treni, nami nasoma yanavyopita, lakini lazima yafanane na mdomo wa mwenye uso. Akifunga midomo kusema “mama”, nami niwe na neno la kufunga midomo. Akiacha kinywa wazi, siwezi kusema kitu kifupi nikanyamaza, mtazamaji atamwona kama samaki. Siwezi tu kumtia maneno ninayotaka. Midomo yake ndiyo mlinzi wake.

Ila usidhani nimekaa bure. Nimeanza kulipiza kidogo kidogo. Katika kipindi cha pili nimempa mafua. Katika cha tatu, anapomwambia yule mwalimu wa kizungu kwamba anampenda, nimemtolea sauti ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Irene alisimamisha mashine akaniuliza kama nimemeza kitu. Nikamwambia ni tafsiri yangu ya uchungu. Akakubali! Ukikiona kipindi hicho utacheka mpaka uzi ukatike.

Awino anakusalimu. Anna pia, kwa Kiingereza.

Kaka yako,
Method


Kigoma
2 Juni 2024

Kaka Method, shikamoo.

Mama anakusalimu. Paa la jikoni tumelibadilisha.

Sauti ya mbuzi sikuiagiza. Mtu anayechekesha hupendwa. Umekaa na waigizaji miaka yote hiyo hulijui hilo? Kipindi cha pili kimeshaonyeshwa, na watoto wa mtaa wanamwigiza ile chafya yake. Wamempenda mara mbili.

Swali langu hukulijibu. Nimepitia barua yako pande zote mbili za karatasi, nikidhani labda umeliandika pembeni.

Ghati alifika salama. Mkobani alikuwa na bahasha mbili, yako na nyingine iliyotoka kwa mwanamke anayeitwa Jacqueline, wa Landover. Huyo ndiye Leonard aliyemwoa kwa cheti changu. Wameachana zamani. Alisoma lile gazeti, akafungua masanduku yake ya zamani, akaulizia wauguzi wa Kitanzania mpaka akampata anayekuja Kigoma. Ameniandikia, “Dada, mimi pia nilikulilia. Kila Novemba, siku ya marehemu, nilikuwashia mshumaa.” Miaka kumi na moja, kaka. Mwanamke asiyenijua ameniombea nipumzike kwa amani, nami nilikuwa hapa nikipiga pasi sare za shule. Nimemshukuru kwa mishumaa, nikamwambia sasa apumzike yeye.

Ndani alitia karatasi tatu. Ya kwanza ni cheti cha ndoa yao. Ya pili ni cheti changu cha kifo. Ya tatu nimeisoma mara mbili, nikaikunja, nikaiweka kwenye droo ya vifungo.

Sikuulizi kitu tena. Nakungoja.

Benadetha


Takoma Park
28 Julai 2024

Benadetha,

Barua hii nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na vichekesho vinane. Nimeichana.

Karatasi ya tatu ni tafsiri ya Kiingereza ya cheti cha kifo. Chini yake imeandikwa kwamba aliyetafsiri anazijua lugha zote mbili na kwamba maneno ni ya kweli na kamili. Sahihi ni yangu, ile yenye mkia mrefu niliyoifanyia mazoezi nikijiandaa kuwa maarufu. Kazi yangu ya kwanza ya tafsiri Marekani ilikuwa hiyo.

Ilikuwa Februari 2003. Tulikuwa tumebaki wawili tu wa lile kundi la maigizo lililotuleta Marekani mwaka uliotangulia, wengine wamerudi. Nilikuwa nalala kwenye kochi la Leonard, Alexandria, jengo ambalo mabasi yanageuzia. Nilikuwa sina kazi na Kiingereza changu kilikuwa cha jukwaani, naweza kumlaani mfalme lakini siwezi kununua soksi. Akanitolea karatasi. Nikaisoma, nikaona jina lako. Nikasema, “Leonard, huyu ni Beni.” Akasema, “Shemeji, karatasi haiui mtu. Nikishatengemaa nitamleta kama mwanadamu.” Nikaisoma tena. Akasema, “Na kochi unalipenda.”

Hakuongeza neno. Natamani ningeweza kukuambia kwamba alinitisha zaidi ya hapo.

Jumapili ile ile ulipiga simu. Uliuliza Leonard anakula nini, na kama ana soksi nzito. Nikakuambia anazo.

Mimi ndiye niliyemleta nyumbani kwetu. Mimi ndiye niliyekushawishi. Sitaandika zaidi kuhusu hilo, nikiendelea nitaanza kujihurumia, na utaniona mpaka huko.

Sasa nikuambie jambo ambalo nilikuficha Aprili. Nilisema midomo ndiyo mlinzi. Ni kweli, mtu akitutazama. Akigeuka mgongo hana mlinzi. Kila mtia sauti anajua hivyo, ndiko tunakochomeka maneno yaliyotushinda mbele. Katika kipindi cha sita kuna kaburi. Leonard anapiga magoti, na mwongozaji wao, kwa kutafuta uzuri, akaiweka kamera nyuma yake. Sekunde kumi na moja unaona mgongo tu na koti la kijivu. Kwa Kiingereza anasema kwamba mkewe alikuwa asubuhi yake, na kadhalika.

Tarehe kumi na mbili mwezi huu nilisimama mbele ya kipaza sauti. Safari hii hakukuwa na mafua wala mbuzi. Nilimpa sauti nzuri kuliko zote nilizonazo, ile ninayoitunza. Nikasema, “Benadetha hajafa. Anaishi Kigoma, anashona nguo. Nilimzika kwa karatasi ili nioe mwingine.”

Irene akasimamisha mashine.

“Papa Method, hiyo haiko kwenye texte.”

“Haiko.”

“Benadetha ni nani?”

“Dada yangu.”

“Alikufa?”

“Alikufa kwa mkono wangu, Mama Irene. Yuko hai.”

Akavua vile vya masikioni, akaviweka mezani taratibu. Akasema, “Wenye tamthiliya hawasikii Kifaransa, itapita. Lakini ikishaonyeshwa, mimi na wewe hatutafanya tena kazi hii.”

“Najua.”

“Mimi mwezi ujao narudi Lubumbashi kwa mama yangu. Wewe je?”

“Nina magari ya kuegesha.”

Akanitazama kwenye kioo kile kinachotutenga. Irene hacheki ovyo. Akasema, “Bon. Basi rudia. Ulikuwa haraka, jina umelimeza.”

Nikarudia, na jina sikulimeza. Kitaonyeshwa Jumamosi ya tarehe saba Septemba, alasiri kwa saa zenu.

Method


Kigoma
22 Septemba 2024

Kaka Method,

Mama hajambo.

Nimekipokea ulichofanya, na nitakusimulia chote, kwa kuwa umekilipia kwa kazi yako.

Siku hiyo niliwaalika wote wa upande wa Leonard. Nilipika wali wa nazi na migebuka, nikakodi viti. Genoveva nilimwekea kile cha mto, karibu na runinga. Alikuja amevaa kitenge kipya, anaingia mlangoni tayari anawatafsiria wenzake, “Huyu ndiye mpwa wangu, huyo mzungu anampenda, subirini mtaona.” Alikuwa na furaha mpaka ningeona huruma, kama ningekuwa nimebakiza yoyote.

Kaburi likaja. Leonard akapiga magoti. Genoveva akatoa leso mapema. Halafu ikatoka sauti yako, kaka, ile ya kumsomea baba magazeti, ikasema jina langu ndani ya nyumba yangu.

Wasiojua Kifaransa wakamgeukia Genoveva. “Amesema nini? Mbona ametaja Benadetha?” Leso ilikuwa imesimama hewani. Akasema, “Sikusikia vizuri.”

Nikasema si kitu. Kituo kile hurudia kipindi Jumapili baada ya misa. Nikawaalika tena. Wali haukuwepo, palikuwa na chai ya rangi. Walikuja sita, na Genoveva alikuja kwa sababu wasingemwacha asije. Waliosoma Burundi walikaa mbele. Ulipomaliza zile sekunde zako, kijana mmoja wa ukoo wao akatafsiri neno kwa neno, polepole, kama anasoma matangazo ya kanisani. Genoveva akasimama.

“Benadetha.”

“Abee, mama mdogo.”

“Uko hai.”

“Nashukuru kwa kuliona.”

Hajapita sokoni Mwanga wiki mbili sasa. Dagaa anauziwa na binti yake.

Leonard alipiga Jumanne. Nilikuwa napima bega la mteja. Namba ya kigeni, nikapokea. “Beni, mmefanya nini? Beni, unajua watu wananiuliza nini huku? Njoo tuongee kama watu wazima.” Miaka ishirini na mbili, na neno lake la kwanza ni kunilaumu. Nikamwambia, “Baba, umekosea namba. Mwenye simu hii alifariki 2003. Ukibisha, cheti unacho wewe.” Akaanza kubembeleza. Sikukata. Niliiweka simu mezani, nikamaliza bega, nikamaliza kiuno, naye anaendelea. Mteja aliuliza ni redio gani. Unajua sauti yake halisi ni nyembamba? Nilikuwa nimesahau. Yako ilimfaa zaidi.

Sasa wewe.

Barua yako ya Julai inapumua mwishoni, kaka. Nimesikia. Unadhani umefika. Umemaliza jambo lako kwa uzuri, kwa sauti yako ya akiba, na mama wa Lubumbashi akakuambia “rudia”. Ni tendo la mwigizaji. Nililipenda. Lakini Leonard nilimwoa nikijua ni mtu wa jukwaani. Wewe ulinifundisha kuandika jina langu. Ulikaa kwenye kochi, ukalisoma, ukatafuta neno la Kiingereza la kufa, ukalipata, ukaliandika sawasawa. Halafu Jumapili ukaniambia ana soksi.

Nimekwenda tena kwa karani. Nilimweleza habari za runinga. Akacheka, akasema ni nzuri sana, ila mgongo wa mtu hauwezi kula kiapo. Bado anataka mtu anayejua karatasi ilivyotengenezwa.

Ndani ya bahasha hii nimetia ukurasa mmoja. Nimeuandika mimi, Ezekiel amenisaidia kuupanga. Unasema kwamba mimi Benadetha niko hai, na kwamba aliyetafsiri cheti kile alijua niko hai siku alipotia sahihi. Utautafsiri kwa Kiingereza. Utatia sahihi ile ile, na mkia wake. Moja ije hapa kwa karani, nyingine iende huko huko kwenu, ofisi iliyopokea ile ya kwanza. Usiniulize itakufanya nini. Jacqueline amenieleza inaweza kukufanya nini, na nimeufunga huu ukurasa nikijua.

Utaona leo sikukuamkia. Shikamoo yako ninayo hapa. Nitakupa ukurasa ukifika.

Benadetha


Takoma Park
3 Novemba 2024

Benadetha,

Mama nimempigia mwenyewe, kwa hiyo sikuulizi. Ameniuliza nimekosana nini na wewe. Nimemwambia akuulize wewe. Akasema, “Basi ni kosa lako.”

Studio imenifungia mlango, kwa barua fupi yenye heshima. Irene alikuwa ameshaondoka Agosti. Nasikia wamempata mtu wa Montréal aendelee na Leonard kama kutakuwa na msimu wa pili, na nasikia pia kwamba msimu wa pili unasitasita. Hotelini bado naegesha.

Ukurasa wako ulinifikia tarehe tisa Oktoba. Nilimpelekea mwanasheria, kijana wa Nakuru anayesali na Awino. Aliusoma akiwa amesimama, akakaa. “Mzee Method, as your lawyer, usisign hii. Usisign, usitranslate, usiiguse. Hata hapa hukuja.” Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani nikaiweka karatasi juu ya friji, chini ya bakuli la ndimu, ikakaa hapo siku kumi na mbili. Kila nikichukua ndimu nairudishia bakuli. Ndivyo nilivyo, unanijua. Naweza kuishi na kitu juu ya friji miaka ishirini na mmoja.

Awino ndiye aliyeinua bakuli. Anasoma Kiswahili polepole akikitaka, upesi akikasirika. Akaja nilipokuwa.

“Method, hii story umekaa nayo tangu tuoane?”

“Kabla hatujaoana.”

“Na uliniambia huyo dada yako hapendi kuja kwa harusi yetu.”

Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kusema hivyo. Akaenda jikoni, akarudi. “Sasa nisikize. Hao watu wa court wakija, tutaongea na wao. Lakini kama hutaiandika wewe, nitaiandika mimi, na Kiingereza changu ni kizuri kuliko chako.”

Nikaitafsiri Jumamosi. Ilinichukua asubuhi nzima, ukurasa mmoja, mimi ninayejidai naweza kukimbizana na maneno yanayopita kama treni. Mashine ya kuchapa ni ya Anna, kwa hiyo nilimsomea yeye akapiga. Alipofika katikati vidole vikasimama.

“Daddy, this is Auntie Beni. The one on the phone.”

“Ndiye.”

“You wrote that she died?”

“Niliandika.”

“But did you know?”

Nikasema, “Nilijua.” Nilisema kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza niliomba asielewe. Alielewa. Akamaliza kuchapa, akaitoa karatasi, akaniwekea kalamu juu yake, akatoka nje. Mpaka leo ananijibu kwa neno moja moja. Hajakosea.

Nimetia sahihi mara mbili, nakala mbili. Mkia umetoka umepinda, mkono si ule, lakini ni wangu. Sikuomba msamaha ndani yake kwa sababu hukuuandika kwenye ukurasa wako, na safari hii nimetafsiri kilichoandikwa.

Zimekwenda jana, moja kwa karani wako, nyingine kwa ofisi ya huku. Barua hii inafuata nyuma. Yule mama wa dirishani posta humwuliza kila mtu swali moja, kama ndani ya bahasha kuna kitu cha kuvunjika, cha kuoza, au cha hatari. Nimejibu hapana miaka ishirini na mbili bila kumsikiliza. Jana nilimsikiliza. Nikaitazama bahasha, watu watatu nyuma yangu wakaanza kukohoa.

“Sir?” akasema.

Nikamwambia kipo. Akanitazama, akaipima bahasha kwa vidole viwili jinsi ilivyo nyembamba, akagonga muhuri.

Method